Vijana Wanasoma, Ni Nyinyi Mnawachosha

Kuna sentensi moja nimechoka nayo kabisa: "Vijana wa siku hizi hawasomi." Utaisikia kwa TV, utaisikia kwa mkutano wa wazazi, utaisikia kwa mat ukiwa umeinamia simu na mzee aliye kando yako anatikisa kichwa. Ati tumezoea video za sekunde 15, ati akili zetu zimekuwa za samaki.

Wacha niseme point yangu mapema, ndio kama una haraka uende nayo. Vijana wanasoma. Wanasoma kutoka wakiamka hadi simu iwaangukie usoni usiku. Chenye wamekataa ni kulipia mateso. Na maandishi mengi yanayoletwa kwa simu zetu, ya serikali, ya magazeti, ya makampuni, na hata yetu sisi watu wa content, yamepangwa kama mateso.

Kama wewe huandika kitu chochote ambacho mtu mwingine atasoma kwa simu, iwe ni tangazo la kazi, notisi ya chama ama story ya mtaa, hii ni yako.

Juni 2024 yatosha kuwa ushahidi

Kumbuka Mswada wa Fedha wa 2024. Hiyo ilikuwa sheria ya kodi, kwa Kiingereza cha mawakili, yenye vifungu vinavyosema futa maneno haya kwenye kifungu fulani cha sheria fulani, uweke maneno yale. Kama huna ile sheria ya zamani kando yako, unatoka mtupu. Ni kitu ya mwisho ungetarajia msee wa miaka 19 asome Kayole ama Mtwapa akiwa na asilimia 12 ya chaji.

Na wakasoma. Watu waliuchukua ule mswada wakauvunja vipande vipande. Mmoja akaeleza VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Mwingine akaeleza kodi ya gari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Mwingine akachukua ile kodi ya mazingira na kuonyesha vitu vya nyumbani ambavyo ingegusa. Wengine wakatafsiri kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za nyumbani ambazo shosho anaelewa. Watu wanaojua kutengeneza programu wakaunda roboti za kujibu maswali, unauliza kwa lugha ya kawaida, inakujibu kutoka kwa mswada wenyewe. Usiku kulikuwa na mijadala ya sauti kwa X, watu wanasomeana vifungu kama darasa.

Tarehe 18 Juni ikatangazwa kwamba kodi ya mkate na ya gari zinaondolewa. Tarehe 25 Bunge likapitisha mswada, na siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia Bungeni. Kuna watu walipigwa risasi na hawakurudi nyumbani. Tarehe 26 Rais akasema hatatia sahihi.

Siandiki hii kama hadithi tamu ya ushindi. Kuna familia ambazo Juni kwao haitawahi kuwa hashtag. Lakini angalia jambo moja tu linalonihusu mimi kama mwandishi: mswada haukubadilika ugumu, na hakuna msomaji aliyeongezewa digrii wiki hiyo. Chenye kilibadilika ni njia ya kumfikia. Watu waliondoa vizuizi, na wale "wasiosoma" wakasoma sheria ya kodi.

Kwa hivyo tukubaliane. Kama kazi yako haisomwi, kabla hujamlaumu msomaji, hesabu kwanza umemtoza nini.

Bei ya kwanza: bob

Wengi wetu hatuna Wi-Fi nyumbani. Tuko na bando ya bob 20, ama ile ya saa moja ambayo unaitumia ukikimbia kama umeibiwa. Kila kitu unachoweka kwa ukurasa wako, mimi ndio nalipia kukifungua.

Fanya hesabu rahisi. Makala ya maneno 800 ya Kiswahili, maandishi peke yake, ni kama KB 6. Kidogo sana. Lakini ukurasa wa kawaida wa simu siku hizi unapita MB 2. Yaani kwa kila sehemu moja ya kile nilichokuja kutafuta, nimebebeshwa zaidi ya sehemu 300 za vitu sikuitisha: video inayojicheza yenyewe, picha kubwa ya mtu ameshika laptop akicheka, vijiprogramu vya kunifuatilia niko wapi na napenda nini. Ni kama kwenda dukani kununua kiberiti na muuzaji anakulazimisha ulipie pia usafiri wa friji.

Dawa si ngumu. Punguza picha kabla ya kuipakia. Video isijicheze, niache nibonyeze mwenyewe kama naitaka. Maandishi yatangulie kufunguka, mapambo yafuate. Kuna sababu Opera Mini ilipendwa sana huku kwetu: inabana kurasa kabla hazijafika kwa simu, na MB zinadumu. Watu walishapiga kura kwa kidole. Wanataka maneno, na wanataka yawe mepesi.

Bei ya pili: muda na hasira

Unafungua story. Kabla usome mstari wa pili, kidirisha kinaruka: jiandikishe upate habari zetu. Unakifunga. Kingine: tunaomba kukutumia arifa. Unafunga. Kingine kinakuuliza kuhusu data yako, na hapo kitufe cha "Kubali zote" ni kikubwa kama mlango wa godown, na cha kukataa kimefichwa kwa maandishi ya kijivu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini iwe ya hiari na mtu awe anajua anachokubali. Sasa mtu amebonyeza kwa sababu amechoka, hiyo ni hiari gani?

Halafu kuna ule mchezo mchafu kuliko yote. Unakaribia kubonyeza kitu, ukurasa unaruka kwa sababu tangazo limechelewa kuingia, na kidole chako kinatua kwa betting. Haukutaka betting. Ulitaka kujua kama fomu za chuo zimefunguliwa.

Hii kitu ina hadi kipimo. Google hupima ni kiasi gani ukurasa unarukaruka, na inataka alama isizidi 0.1. Inataka pia kile kitu kikubwa cha ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Na kutoka Januari 2017 ilianza kushusha kwenye matokeo ya utafutaji kurasa za simu zinazofunika maandishi na vidirisha mara tu unapoingia. Kama hata kampuni inayoishi kwa matangazo imeona hii ni too much, wewe unatetea nini?

Bei ya tatu: macho

Sijui nani aliambia wabunifu kwamba kijivu hafifu juu ya nyeupe ndiyo maridadi. Labda inapendeza kwa ofisi yenye AC na skrini kubwa. Njoo uisome stage ya Githurai saa saba mchana, jua limewaka, simu yako skrini imepasuka kona moja, na umepunguza mwanga ndio chaji ifike jioni. Huoni kitu.

Kuna kiwango cha kimataifa cha kufanya tovuti zitumiwe na kila mtu, kinaitwa WCAG. Kinasema tofauti ya rangi kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake iwe angalau 4.5 kwa 1. Pia kinataka mtu aweze kukuza maandishi hadi mara mbili bila kupoteza kitu. Lakini kuna kurasa zimezima kabisa uwezo wa kukuza kwa vidole viwili. Shangazi yangu huinua simu, huisogeza mbali, huirudisha karibu, mwishowe ananipa: "Hebu nisomee, mwanangu." Shangazi ana akili timamu na amesoma kunishinda. Aliyebuni hiyo ukurasa ndiye aliyemfungia nje.

Na hapa lazima niwaongelee watu wa PDF. Ofisi inachapisha tangazo, inalipeleka kwa mashine ya kuskani, inaweka ile picha mtandaoni, imelala kidogo upande. Huwezi kutafuta neno ndani yake. Huwezi kunakili namba ya kazi. Maandishi ni madogo, kwa hivyo unasukuma kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anapiga deki. Na mtu asiyeona anayetumia TalkBack, ile huduma ya simu inayomsomea skrini kwa sauti, hapati maneno ya kusomewa, kwa sababu hapo kuna picha tu. Tangazo linasema watu wenye ulemavu wanahimizwa kutuma maombi. Wanahimizwa na karatasi ambayo hawawezi kuisoma. Hiyo ni nini kama si mzaha?

Bei ya nne: akili

Hii ndio inatuhusu sana sisi tunaoandika, kwa sababu hapa huwezi kusingizia mtu wa kompyuta.

Mwaka wa 1997, mtafiti wa matumizi ya kompyuta, Jakob Nielsen, aliandika kwamba asilimia 79 ya watu waliopimwa walikuwa wanapitisha macho tu juu ya ukurasa mpya badala ya kusoma neno kwa neno. 1997! TikTok haikuwa imezaliwa, mimi pia sikuwa nimezaliwa. Mwaka wa 2006, kampuni yake ikafuatilia macho ya wasomaji na kuona mara nyingi yanatembea kwa umbo la herufi F: mstari wa juu yanasoma vizuri, yanashuka kidogo, yanasoma kipande, halafu yanateremka upande wa kushoto. Waliopimwa walikuwa watu wa kawaida wa enzi hiyo, na leo hao ndio mabuda wanaotuambia hatusomi. Wao pia walikuwa wanapitisha macho.

Kwa hivyo mtu anayepitisha macho si mvivu. Anatafuta kama hapa pana kitu chake. Ni vile mama anafanya sokoni, anapita meza tano za nyanya kabla ainame. Kazi yako ni kumpa sababu ya kuinama.

Lakini sisi tunafanya nini? Tunaanza na aya tatu za "katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi". Tunaficha jibu chini kabisa ndio mtu apite matangazo yote. Kichwa kinasema "Utashangaa alichofanya", na alichofanya ni kununua shati. Tunakata story mara nne, ati sehemu ya pili iko kwa profile. Msomaji akishadanganywa mara mbili hivyo, ya tatu hafungui, hata kama siku hiyo umeandika ukweli ambao ungemsaidia.

Dawa ya hapa haihitaji mtaji. Sema jambo lako juu. Gawanya kwa vichwa vidogo vinavyosema kitu, si "Utangulizi" na "Hitimisho". Aya ziwe fupi, kwa sababu aya ya mistari mitano kwa daftari ni ukuta mzima kwa simu. Serikali ya Uingereza inawaambia waandishi wa tovuti yake wakague sentensi ikizidi maneno 25, waone kama inaweza kukatwa. Hiyo ni serikali, tena ya wenye Kiingereza.

Na lugha. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Zote mbili ni rasmi. Lakini tafuta fomu, notisi ama sera nyingi za umma kwa Kiswahili uone utakavyozunguka. Tumekubali kwamba kitu cha maana kiko kwa Kiingereza, na Kiswahili ni cha matangazo ya sabuni na siasa za kuomba kura. Juni 2024 ilivunja hiyo tabia kwa wiki chache. Sioni sababu ya kuirudisha.

"Lakini unawafanya watu wajinga"

Najua hii inakuja. Niliacha campo mwaka wa pili, kwa hivyo mtu akitaka kunipuuza ana silaha tayari. Anasema kurahisisha ni kushusha kiwango, ati wasomaji wazoezwe ugumu.

Nimekaa kwa lecture hall ya kutosha kujua tofauti ya jambo gumu na jambo lililofanywa gumu. Kodi ni jambo gumu. Sentensi ya maneno 90 isiyo na mahali pa kupumua ni uamuzi wa mtu. Ukiondoa ugumu wa pili, msomaji anabaki na nguvu ya kupambana na ule wa kwanza. Post nzuri zaidi za ule mswada hazikusema tu "kodi mbaya, kataeni". Zilikupa maneno mepesi na pia namba ya kifungu, ndio ukibisha uende ujionee. Huko ni kumheshimu mtu kwa pande zote mbili: nimekurahisishia, na sijakuficha chanzo. Zile ambazo hazikuwa na namba, hata kama zilikuwa tamu, zilikuachia imani tu.

Pingamizi lingine ni la wenzangu wa content: "Matangazo ndio yananilisha, nikiyaondoa nitakula nini?" Hapo niko na wewe, mimi pia hulipa keja. Sijasema ondoa. Nimesema tangazo likae mahali pake, liwe na nafasi yake iliyotengwa tangu mwanzo ili maandishi yasiruke, lisipige kelele, lisijifanye kitufe cha "Endelea". Duka huwa na bango mlangoni. Bango likianguka juu ya mteja kila akiingia, ni hatari, na mteja atahamia duka la pili. Msomaji anayerudi kesho ana faida kuliko kidole kimoja kilichoteleza leo.

Jaribio langu la smokie

Sina timu ya utafiti. Niko na jirani anayeuza smokie pale kwa stage, buda mmoja mwerevu sana asiye na muda. Nikimaliza kuandika kitu muhimu, nampelekea simu yake mwenyewe, si yangu, na bando yake ya siku hiyo, nami namrudishia bob zake. Sisemi kitu. Naangalia kidole gumba. Kikisimama, hapo kuna neno gumu. Kikikimbia, hapo nimepiga porojo. Akirudi juu, nimempoteza.

Akimaliza huwa ana swali lile lile: "Sawa, sasa mimi nifanye nini?"

Kama jibu haliko kwa ukurasa, narudi kuandika. Wiki fulani nilikuwa nimeeleza kuhusu basari za kaunti, maelezo mazuri kabisa, historia na lawama ndani. Alisoma yote, akanirudishia simu na hilo swali. Niliongeza mistari minne: fomu iko wapi, inataka karatasi gani, mwisho ni lini, ukikwama uliza ofisi gani. Hiyo mistari ndiyo watu walipiga picha na kutumiana kwa WhatsApp. Hizo aya zangu za historia sijawahi kuona mtu amezituma kokote.

Tafuta mtu wako wa smokie. Anaweza kuwa dada yako mdogo, anaweza kuwa mlinzi wa geti. Asiwe mtu anayekupenda sana, na asome kwa simu ya kawaida akiwa amesimama.

Mswada mwingine utakuja

Kila mwaka, Kenya hupata Mswada wa Fedha mwingine. Kila mwaka kuna fomu, notisi za maoni ya umma, mabadiliko ya karo, kanuni mpya za wenye boda na wenye vibanda. Nyingi zitawekwa mtandaoni kwa picha ya karatasi iliyolala upande, kwa Kiingereza kizito, na siku chache za kutoa maoni. Halafu tutaambiwa tulipewa nafasi ya kusoma na hatukusoma.

Ndio maana sichukulii hii kama mambo ya urembo, rangi na ukubwa wa herufi. Ukifanya kitu kisomeke, umeongeza watu mezani. Ukikifanya kisisomeke, umewafukuza bila hata kufunga mlango, na unaweza kujifanya walikataa kuingia.

Kwa hivyo wewe mwenye ukurasa, ofisi, ama account ya followers 300: fungua kazi yako ya mwisho sasa hivi, kwa simu, kwa bando, nje kwa jua. Soma mpaka mwisho kama mtu asiyekujua. Mahali utakapochoka wewe, msomaji aliondoka kitambo. Rekebisha hapo kwanza.